Kofia ndani ya kofia

Jumamosi moja jioni majuzi, mpwa wangu anayekaa Kawangware alibisha hodi nyumbani kwangu akiwa amekumbatia gunia dogo kama mtu anayempelekea mkwe jogoo. Hakutaka chai. Hakutaka hata kuketi. Alitoa ndani ya gunia kitu cha kijani, cha mviringo, akakiweka juu ya meza ya chakula, na mama watoto akamkemea papo hapo akiondoe penye sahani za watu.

"Mjomba," akaniambia huku akihema, "hii ni kofia ya Mmarekani ya vita vya Hitler. Kuna mzee fulani kule Karen anazinunua. Sitakosa laki moja."

Nikamwuliza aliinunua pesa ngapi. Akasema elfu sita, soko la Toi. Nikamwuliza elfu sita hizo zilitoka wapi. Hapo ndipo alipovuta kiti akaketi. Zilikuwa karo ya bintiye, nazo zilitakiwa shuleni baada ya wiki mbili.

Nyinyi mnaosoma ukurasa huu kila Jumapili mnaujua ugonjwa wangu. Nina sanduku la vifungo vya shaba, nina kofia mbili za chuma, nina buti moja isiyo na mwenzake, na kila mwezi kuna msomaji anayeniandikia kunieleza alichokiona kwenye dari ya babu yake. Ndiyo maana kijana alikuja kwangu, hakwenda kwa baba yake. Basi nikawasha tochi, nikavaa miwani, nikaanza kazi.

Kwanza nieleze kitu chenyewe, maana wengi wetu tumekiona katika filamu tu. Mwaka 1941 jeshi la Marekani liliacha kofia ya bapa iliyofanana na ya Waingereza, likachukua aina mpya iliyoitwa M1. Ubora wa M1 ulikuwa kwamba ni kofia mbili katika moja. Nje kuna ganda la chuma, tupu kabisa, halina hata uzi ndani. Ndani yake huingia kofia ya pili, nyepesi, yenye umbo lile lile, na hiyo ndiyo yenye mikanda inayokaa kichwani. Wazo la mikanda hiyo lilitoka katika kofia za wachezaji wa kandanda ya Kimarekani, wale wanaogongana vichwa kama beberu. Askari akiwa kambini aliweza kuvaa ile ya ndani peke yake, akaliacha ganda. Na ganda nalo lilikuwa na kazi zake: beseni la kunawia, ndoo ya maji, kiti cha kukalia penye matope. Kufikia mwisho wa vita mwaka 1945 viwanda vya Marekani vilikuwa vimetoa maganda zaidi ya milioni 22. Kwa hiyo mtu asikudanganye kuwa ganda lolote la M1 ni adimu kama jino la kuku.

Hii ya ndani ndiyo yenye mambo. Za mwanzo kabisa, za 1941 na 1942, zilitengenezwa na kampuni iliyoitwa Hawley kwa karatasi ngumu iliyogandamizwa na kufunikwa kitambaa. Ndiyo, karatasi. Zilipoloa mvua na kukaa juani zililegea, na hazikufaa kwa nchi za joto. Kwa sababu hiyo chache ndizo zilizobaki nzima, na zinatafutwa sana. Baadaye zikaja za kitambaa kizito cha pamba kilicholoweshwa utomvu wa plastiki na kukandamizwa katika kalibu yenye moto. Ukiiangalia kwa makini ndani, pale rangi ilipochubuka, utaona nyuzi za kitambaa zimelala chini ya ule ung'aavu wa kahawia. Hizo ndizo nyingi, na kampuni ya Westinghouse ndiyo iliyotengeneza nyingi kuliko wenzake. Kulikuwa pia na Firestone, hao hao wa matairi, na Inland, na Capac, na wengineo.

Kijana wangu alikuwa na haraka. "Mjomba, ni yenyewe au siyo yenyewe?"

Subiri. Kuna mahali manne pa kutazama, na si kwa pupa. Nilianza kwenye utosi, ndani, ambako mtengenezaji alipiga chapa yake. Pale palikuwa na vumbi lililoshikana na mafuta ya nywele za miaka mingi. Nilifuta kwa kitambaa kikavu tu, na nasisitiza kikavu, nikaona herufi F iliyochorwa kwa mapambo. Firestone. Mpwa wangu akapiga makofi.

Pili, paji la uso. Kofia za ndani za wakati wa vita zilitobolewa tundu dogo mbele, juu ya ukingo, ili ofisa aweze kubana alama ya cheo chake. Baada ya vita tundu hilo liliachwa. Kwa hiyo ukipewa kofia isiyo na tundu mbele, nawe unaambiwa ilishuka Normandy, rudisha pesa yako mfukoni. Hii ya kijana ilikuwa nalo, ingawa lilizibwa na rangi. Nililigusa kwa njiti ya kiberiti, ikaingia.

Tatu, mikanda. Ya wakati wa vita ni ya kitambaa cha pamba chenye mistari ya mshazari kama mifupa ya samaki, na rangi yake ni ya kaki au kijani kilichopauka. Imeshikwa kwa washa ndogo za chuma zenye umbo la herufi A, zilizogongewa ribiti. Kofia zilizokuja baada ya 1955, na zile za 1964 zilizoonekana sana Vietnam, zina mikanda ya kijani iliyokolea na zimefungwa kwa namna nyingine. Hii ilikuwa ya kaki, na zile A zilikuwapo zote, mbili zikiwa na kutu.

Nne, ukanda wa kidevu. Kofia ya ndani ilikuwa na wake mwenyewe, mwembamba, wa ngozi ya kahawia, wenye bizimu ndogo, na askari walipenda kuupitisha mbele juu ya ukingo wa ganda. Huu haukuwapo. Hilo halinishangazi. Ngozi ndiyo inayokufa kwanza, na kwetu hapa panya hawachagui.

Basi nikamwambia ukweli: kofia ni ya kweli, na ni ya wakati wa vita. Akaruka. Mama watoto akaja kutoka jikoni kuona kulikoni. Nami nilikuwa nimeanza kuiona laki moja ile, nasema uongo dhambi, nikaigeuza kofia chini ya tochi mara moja ya mwisho, na hapo penye ukingo wa nyuma, ambako mtu alikuwa ameikwaruza, nikaona buluu.

Si madoa. Buluu safi, ya mbinguni, chini ya ile kijani. Na chini ya buluu, kijani kingine, kizito zaidi. Nikaitazama ile rangi ya juu upya. Ilikuwa inang'aa mno. Ni rangi ya mafuta ya kupaka mageti, ile inayouzwa kwa kopo katika duka lolote la vifaa vya ujenzi. Mtu alikuwa ameipaka kwa brashi, na siku hazikuwa nyingi.

"Umenunua kofia ya kweli," nikamwambia, "iliyovishwa nguo ya uongo."

Hadithi ya buluu hiyo ni tamu na lazima niisimulie. Mwaka 1956, baada ya Uingereza, Ufaransa na Israeli kuishambulia Misri kwa ajili ya mfereji wa Suez, Umoja wa Mataifa uliamua kupeleka jeshi la kulinda amani, la kwanza la namna yake. Katibu Mkuu alikuwa Dag Hammarskjöld. Tatizo likawa: askari wa mataifa mbalimbali, wengine sare zao zikifanana na za Waingereza waliotoka kupigana pale pale, watatambulikanaje kwa mbali? Walitaka kofia laini za buluu, lakini hakukuwa na wakati wa kuzishona. Kule Ulaya, hata hivyo, kulikuwa na marundo ya kofia za ndani za Wamarekani, za plastiki, nyepesi, zilizobaki kutoka vitani. Zikapulizwa rangi ya buluu ya Umoja wa Mataifa, na Novemba hiyo zikawa vichwani kule Misri. Hiyo kofia ya buluu ambayo leo dunia nzima inaijua, ambayo vijana wetu wa Kenya waliivaa Namibia mwaka 1989 na Yugoslavia mwaka 1992, chanzo chake ni hicho: kofia ya ndani ya vita, imepakwa rangi kwa sababu ya haraka.

Kwa hiyo kitu kilichokuwa mezani kwangu kilikuwa kimeishi maisha mawili kabla ya mchuuzi mmoja kukipa la tatu. Mimi nilifurahi kupita kiasi. Mpwa wangu aliniuliza kama buluu inaongeza bei.

Siku iliyofuata tulipanda matatu kwenda Karen. Sikutaka kwenda, lakini kijana alikuwa ameshampigia yule mzee simu, na karo ni karo. Barabara ya Ngong ilikuwa imefungana kama kawaida yake, tukakaa Dagoretti Corner muda wa kutosha kunyoa ndevu. Tulipoupita uwanja wa mbio za farasi nilimwambia dereva atushushe. Kijana akanung'unika. Nikamwambia dakika kumi tu, hatutakufa.

Pale kando ya msitu wa Ngong ndipo yalipo makaburi ya vita ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1941. Ni karibu makaburi 2,000, yamepangwa safu kwa safu, nyasi zimekatwa, kimya utadhani uko mashambani. Wapo Wakenya, Waganda, Watanganyika, Wanyasa, Wazungu, wa dini zote. Pana pia ukumbusho wa askari wa Afrika Mashariki wasio na kaburi linalojulikana: wale waliopotea katika safari ya kwenda Somalia na Abasinia mwaka 1941, Madagaska mwaka 1942, na wale wa meli Khedive Ismail. Meli hiyo ilitoka Mombasa ikielekea Colombo, na tarehe 12 Februari 1944 manowari ya Kijapani iliipiga. Ilizama kwa muda mfupi sana. Walikufa watu 1,297, wengi wao wapiga mizinga wetu wa Afrika Mashariki, na wauguzi wa kike wakiwamo. Mpwa wangu, aliyesoma mpaka chuo, hakuwahi kulisikia jina la meli hiyo. Alisoma majina ukutani kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Alitafuta jina la ukoo wetu.

Hatutalipata pale, kwa kuwa babu yetu alirudi. Na hapa naomba radhi, kwa maana naingia katika jambo ambalo sijawahi kuliandika katika ukurasa huu.

Babu alikuwa Keya. Alikwenda Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wale walioteremka bonde la Kabaw mwaka 1944 katikati ya masika ya kule, matope hadi magotini na malaria hadi kwenye mifupa, mpaka Kalewa kwenye mto Chindwin mwezi wa Desemba. Kofia ya chuma hakuisifu kamwe. Alisema ilikuwa nzito na ilipika ubongo. Alichokipenda ni ile kofia ya kitambaa yenye ukingo mpana, ambayo utaiona katika picha nyingi za askari wetu wa Burma. Yake ilitundikwa ukutani, na chini yake kikopo cha tumbaku kilichokuwa na nishani zake, mojawapo ile nyota ya Burma yenye pembe sita na utepe wa buluu iliyokolea wenye mstari mwekundu katikati.

Mwaka 1978, babu akiwa hai lakini macho yamekwisha, mimi nilizichukua. Nilikuwa kijana, nilitaka viatu vya kisasa vilivyokuwa vikitamba wakati huo. Nilishuka mjini, nikaingia duka moja la vitu vya kale karibu na Kenyatta Avenue, na yule bwana akanipa shilingi 40 kwa zote. Hakuuliza ni za nani, nami sikusema. Babu alifariki miaka miwili baadaye. Katika siku zake za mwisho alikuwa akipapasa kile kikopo, nami nilikuwa nimetia ndani vifungo vya koti ili visikie kama nishani.

Msomaji atauliza kwa nini nisizitafute. Nimezitafuta. Lakini hapa kuna jambo ambalo kila familia yenye nishani sandukuni inapaswa kulijua. Nishani za Waingereza za vita vya kwanza ziliandikwa jina na namba ya askari ukingoni. Ukiishika leo utajua ilikuwa kifuani mwa nani. Nyota za vita vya pili zilizotolewa kwa askari wetu hazikuandikwa kitu. Ni kimya. Nyota ya babu yangu na nyota ya babu yako ni pacha. Zikishatoka ndani ya nyumba, hakuna njia ya kuzirudisha, ila mtu awe amezitenga pamoja na cheti cha kuachishwa jeshi, au picha, au hata karatasi yenye maneno mawili. Kwa hiyo andikeni. Leo jioni, kabla ya taarifa ya habari, chukueni kalamu mwandike ni za nani, alitoka wapi, alikuwa kikosi gani, mkafungie karatasi hiyo pamoja nazo.

Si mimi peke yangu niliyepoteza. Novemba 2023, Mfalme Charles III wa Uingereza alipozuru Nairobi, alifika kwenye makaburi ya vita ya Kariokor na kuwakabidhi wazee wachache nishani mpya badala ya zao zilizopotea. Wale walikuwa wazee wa umri mkubwa ajabu. Nilitazama kwenye televisheni, nikaondoka sebuleni kabla haijaisha.

Na Kariokor yenyewe jina lake ni la vita, kama mjuavyo: ni Carrier Corps iliyosagwa na ndimi zetu, wapagazi wa vita vya kwanza waliobeba risasi na unga mpaka Tanganyika. Wao hawakuwa na kofia ya chuma wala nyota. Wengi hawakupewa hata kaburi lenye jina. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita vile, wengi wao Waafrika wa Mashariki na Wamisri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba hesabu hiyo huenda ikafika 350,000. Wana sanamu ile ya shaba pale Kenyatta Avenue, iliyowekwa mwaka 1928, yenye maandishi ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Tunaipita kila siku tukikimbilia matatu. Wengine wanaanikia nguo za kuuza karibu nayo.

Turudi Karen. Yule mzee alitupokea vizuri, akatupa chai na biskuti, na chumba chake cha kofia kilinitia wivu. Aliigeuza kofia ya kijana mara mbili tu. Aliyaona yote niliyoyaona mimi kwa robo ya muda. Akasema yeye hukusanya za askari wa miavuli, na hii ni ya kawaida, tena imepakwa mara mbili juu ya rangi yake. Lakini, akasema, kama tutaondoa ile kijani ya juu na ile buluu kwa dawa ya kuyeyusha rangi mpaka ifike ile ya kiwandani, atatoa elfu kumi na mbili.

Elfu kumi na mbili! Mpwa wangu alinitazama kwa macho ya mtu aliyeokolewa majini. Karo mara mbili.

Nikasema hapana. Sikuwa na haki ya kusema hapana. Kofia haikuwa yangu. Lakini nilisema, na kwa sauti iliyomfanya mbwa wa mzee ainue kichwa. Ile buluu ndiyo kofia. Kofia za kijani za Wamarekani ziko mamilioni. Ya buluu iliyotua Nairobi ni habari nyingine. Na zaidi ya hayo nilikuwa nimeona kitu usiku ule ambacho sikumwambia kijana: kwenye ule ukanda wa ngozi unaozunguka kichwa, upande wa ndani unaogusa nywele, palikuwa na maandishi ya wino. Hayakuwa ya Kizungu. Zilikuwa herufi za Kihabeshi.

Mabishano yetu njiani kurudi siwezi kuyachapa katika gazeti la familia. Mwishowe, tukiwa tumesimama Junction chini ya jua kali, nilimwambia nitamlipa elfu sita zake mimi mwenyewe. Alinyamaza kidogo, akaniuliza, "Na ile elfu sita nyingine niliyokosa, Mjomba?" Nikamwambia hiyo ni ada ya shule yake yeye. Hakucheka. Nilimlipa Jumatatu, na mama watoto bado ananikumbusha kila tukifika kwenye mboga.

Kwa wale wanaotaka kununua vitu hivi sokoni, niongeze machache kabla nafasi haijaisha, kwa sababu barua zitakuja. Wengi hubeba sumaku wakidhani kofia halisi ya chuma lazima iishike. Ni kinyume. Chuma cha kofia za vitani, za Marekani na za Uingereza, kilichanganywa manganisi, na chuma hicho hakivutwi na sumaku. Ikinasa kwa nguvu mwili mzima, huenda ni ya walinzi wa raia kule Uingereza, au ni bandia. Kofia ya Kiingereza ya bapa kama sahani, ikiwa na matundu matatu nyuma ukingoni, ilitengenezwa Afrika Kusini, na si ajabu kuiona kwetu kwa kuwa majeshi ya Afrika Kusini yalipitia hapa mwaka 1940 kwenda kuwapiga Waitaliano. Kofia za Waitaliano nazo zimo majumbani, yenye ribiti tatu za kupitishia hewa. Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani Magharibi zilitengeneza kofia zilizofanana na M1 baada ya vita, kwa hiyo usikimbilie kuita kila yai la chuma Mmarekani. Usisugue, usioshe kwa sabuni, usipake mafuta ya kupikia kama alivyofanya msomaji mmoja wa Kangemi. Na ukipata risasi au kitu chochote chenye umbo la bomu, usikiletee ukurasa huu; acha pale pale, ita polisi. Sare za jeshi la sasa pia usiguse, sheria haina mzaha nazo.

Ile kofia iko kwenye rafu yangu. Nimeondoa kijani kidogo tu, pamba na subira, upana wa kiganja, buluu imetokea. Wiki iliyopita niliifunga katika kanga, nikaenda nayo Hurlingham kwa mama mmoja wa Kihabeshi mwenye mkahawa mdogo. Alifuta mikono, akaupeleka ule ukanda wa ngozi dirishani. Akasoma polepole. Ni jina la mwanamume na jina la baba yake, na namba.

Nilimweleza ninavyokisia. Kwamba Habeshi ilipewa vifaa vingi vya Kimarekani tangu miaka ya hamsini, kwamba ilipeleka askari zaidi ya 3,000 Korea kuanzia 1951, na kwamba mwaka 1960 ilikuwa kati ya nchi za kwanza kupeleka askari wa kofia za buluu Kongo. Na kwamba mwaka 1991, serikali ya Mengistu ilipoanguka, askari wengi walivuka Moyale kuja kwetu na kila walichoweza kubeba. Alinisikiliza, akaendelea kuutazama ule wino.

Jina lenyewe sitalichapa. Huenda ana watoto, na wao ndio wa kwanza kulisoma. Mama yule alichukua picha ya maandishi kwa simu yake, akaituma kwa kakake Addis Ababa, ambaye ana marafiki katika chama cha askari wa zamani. Alikataa kunitoza kahawa. Leo ni siku ya tisa. Nimempigia mara mbili, akaniambia niwe na subira, wazee wa kule hawajibu simu upesi.

Nimechukua karatasi, nikaandika mahali ilikonunuliwa, lini, na rangi nilizozikuta. Nimeitia ndani ya kofia. Karibu yake kuna kile kikopo cha tumbaku, bado kina vifungo vya koti.